Jinsi ya Kuipima Filamu ya Shujaa Iliyoanzishwa Upya: Mfano wa Superman wa 2025

Anayetaka kuandika maoni yake kuhusu filamu ya shujaa iliyoanzishwa upya hushawishika kuanza na sura: huyu mpya amemfikia yule wa zamani au hakumfikia. Swali hilo liweke mwisho. Hadithi ya Superman, iliyobuniwa na Jerry Siegel na Joe Shuster na kuchapishwa mara ya kwanza mwaka 1938, imesimuliwa mara nyingi kiasi kwamba nia ya mwongozaji huonekana zaidi katika yale aliyoamua kutoyasimulia.

Kwa hiyo, utokapo ukumbini, andika kwanza yaliyoachwa. Filamu ya Superman ya mwaka 2013 ilianzia Krypton, sayari yake ya asili, kwenye kuzaliwa kwa mtoto na maangamizi ya sayari hiyo. Hii ya James Gunn, iliyotoka Julai 2025, inayamaliza hayo kwa maandishi machache, inatuambia kwamba dakika 3 zilizopita Superman ameshindwa pambano kwa mara ya kwanza, kisha inamwangusha mbele yetu kwenye theluji, akiwa hoi, akimpigia mbwa wake mluzi. Shujaa tunayekutana naye akiwa ameshindwa huulizwa maswali tofauti na yule tunayemfuata tangu utotoni.

Pili, tafuta mahali anapojaribiwa bila ngumi. Hapa ni mahojiano nyumbani kwa Lois Lane, ambaye anawasha kinasa sauti na kumuuliza mpenzi wake, kama mwandishi wa habari, kwa idhini ya nani aliingilia vita vya Boravia dhidi ya Jarhanpur, nchi mbili za kubuni. Anajibu kwamba watu wangekufa. Lois hakubali kuishia hapo, na Superman anapandwa na hasira. Itazame sehemu hii mara mbili ukiweza, mara moja ukimfuata kila mmoja wao. Mimi niliona kwamba Lois ana hoja juu ya sheria na Clark, yaani Superman kwa jina lake la maisha ya kawaida, ana hoja juu ya uhai, na filamu ikawaacha wote wawili wakiwa wameumia. Kwangu hiki ndicho kiini cha kazi nzima, nami nakipenda kuliko pambano lolote lililofuata.

Muziki usiusahau: John Murphy na David Fleming wameurudisha wimbo ambao John Williams aliutungia filamu ya Superman ya mwaka 1978, basi jiulize kama umesisimka kwa tukio au kwa kumbukumbu.

Ukitaja kasoro, itaje pamoja na ushahidi. Wahusika ni wengi mno. Shujaa mwenzake Hawkgirl hapewi nafasi ya kutosha kutufanya tumjue, ilhali shujaa mwingine, Mister Terrific, anayeigizwa na Edi Gathegi, mzaliwa wa Nairobi, anajizolea heshima kwa utulivu wake katika pambano la ufukweni.

Sasa linganisha waigizaji. Christopher Reeve, Superman wa 1978, alimtenga Clark na Superman kwa mabega na sauti. Henry Cavill, wa 2013, alibeba uzito wa mpweke. David Corenswet, wa filamu hii, anakasirika, anaumia na kuomba radhi, na ubinadamu huo umenigusa sana.

Kabla ya kuituma makala yako, isome tena uondoe siri. Ujumbe wa wazazi wake wa Krypton, ambao sehemu yake iliharibika, unaweza kuutaja. Yaliyomo katika sehemu hiyo mwachie msomaji akayasikie mwenyewe.