Kuutambua mtaa wa Lindi au Mtwara ndani ya filamu kongwe

Mara nyingi naletewa vipande vya filamu za enzi ya Mwingereza: "Kaka, hapa ni wapi?" Aliyeuliza huwa ameshahangaika na majengo, na majengo ndiyo waongo wakubwa. Makuti yamekuwa mabati, baraza zimezibwa zikawa fremu za maduka. Anza na visivyohama.

Hatua ya 1. Fungua filamu kwa VLC. Ukifika kwenye mtaa, simamisha, kisha bonyeza herufi E. Kila ukibonyeza inasogea picha moja. Kamera ikizunguka, hifadhi picha kadhaa uziunge ubavu kwa ubavu.

Hatua ya 2. Hakikisha picha haijageuzwa kushoto kulia. Hapa nimeshaumbuka. Wiki nzima nilitafuta barabara ya ufukweni isiyokuwepo, mpaka mpwa wangu, tena akila zake korosho, akasema: "Mjomba, mbona lori linapita kulia?" Tanganyika ya Mwingereza tuliendesha kushoto, kama leo. Nikaigeuza, vilima vya Kitunda, ng'ambo ya Lindi, vikakaa mahali pake. Kabla ya yote, soma kibao cha duka: herufi zimekaa sawa?

Hatua ya 3. Tafuta dira. Lindi na Mtwara ziko kama nyuzi 10 kusini mwa ikweta, hivyo kivuli cha saa sita mchana huangukia kusini kuanzia Machi hadi katikati ya Oktoba, na kaskazini Novemba hadi Januari. Tazama na bendera, moshi, tanga la jahazi. Wakati wa kusi, upepo wa kusini wa katikati ya mwaka, vinapeperukia kaskazini. Kaskazi, upepo wa kaskazini, ikiingia vinageuka. Kivuli na upepo vikikubaliana, utajua kamera ilitazama wapi.

Hatua ya 4. Hesabu madirisha ya ghorofani na nafasi kati yake. Rangi isikushughulishe. Mlango wa nakshi usiuamini kabisa, maana milango hung'olewa ikauzwa. Mbuyu ni shahidi mzuri zaidi: linganisha shina na matawi makubwa. Boma la Mikindani, la mwaka 1895, leo ni hoteli, ila mnara wake bado unalitambulisha.

Hatua ya 5. Ukiona treni, una bahati. Reli ya Mtwara–Nachingwea, iliyoletwa na mradi wa karanga wa 1947, iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960, hivyo treni inakupunguzia sehemu na miaka ya kutafuta.

Hatua ya 6. Nenda kwa wazee. Shikamoo kwanza. Usiulize, "Hapa ni Lindi, sivyo?" maana atakuitikia kwa heshima tu. Uliza, "Mzee, kwenye kona hii alikuwa anauza nani?"

Mwisho, nenda mwenyewe na picha kwenye simu. Sogea kushoto na kulia mpaka pembe ya paa iguse mti au kilima kilekile inachogusa kwenye filamu. Nenda asubuhi, kabla bodaboda hazijaziba kona.