Laptopu haishiki Wi-Fi? Usikimbilie kupiga Windows upya

Anza na simu. Iunge kwenye Wi-Fi hiyohiyo, zima data, fungua ukurasa wowote. Usipofunguka, laptopu haina kosa: bando limeisha, au ruta inataka kuzimwa na kuwashwa. Ukifunguka, endelea. Maelezo haya ni ya Windows 10 na 11.

1. Alama ya ndege. Bofya alama ya mtandao chini kulia, hakikisha Airplane mode imezimwa. Laptopu za zamani zina swichi ndogo ubavuni. Nyingine huzimwa kwa Fn pamoja na kitufe chenye picha ya ndege au mnara. Nyumba yenye watoto, anzia hapa.

2. Haioni mtandao wowote, hata wa jirani. Bonyeza Windows + X, chagua Device Manager, kisha Network adapters. Tafuta mstari wenye neno Wireless au Wi-Fi.

Ukiwa na kishale cha kushuka, bofya kulia uchague Enable. Ukiwa na pembetatu ya njano, draiva (programu inayoendesha kadi ya Wi-Fi) ina hitilafu: chagua Uninstall device, usiweke tiki ya kufuta draiva, kisha washa kompyuta upya. Ikibidi kupakua draiva, chomeka simu kwa waya wa USB na ugawe data kupitia waya huo.

Mstari haupo kabisa? Zima laptopu, chomoa chaja, toa betri kama inatoka, halafu shikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde 30. Wateja hudhani nafanya mazingaombwe, kumbe ni kumaliza chaji iliyobaki kwenye bodi. Kadi ya Wi-Fi iliyoganda mara nyingi huzinduka. Ikigoma, huenda imelegea au imekufa. Adapta ndogo ya USB itakuondolea kazi ya kufungua mashine.

3. Inaona ya wengine, yako haioni. Huenda ruta inarusha bendi (masafa) ya 5 GHz na kadi inajua ya 2.4 GHz tu. Fungua cmd (dirisha la kuandikia amri za Windows), andika `netsh wlan show drivers`, usome Radio types supported. Ukikuta 802.11b, g na n peke yake, ndiyo hali hiyo. Badilisha bendi kwenye ruta au hotspoti ya simu.

4. Inakataa nywila. Kwenye mtandao huo bofya Forget (laptopu iusahau), ingiza nywila upya taratibu.

5. Imeunga, intaneti hakuna. Kwenye cmd andika `ipconfig`. Anwani ikianza na 169.254, ruta haijaipa laptopu anwani. Kwenye mipangilio ya mtandao huo, weka IP assignment kwenye Automatic, fungua cmd kama Administrator, andika `netsh winsock reset`, kisha `netsh int ip reset`, uwashe upya.

Anwani ikiwa sawa, jaribu `ping 8.8.8.8`, amri ya kupima kama intaneti inajibu. Ikijibu ilhali kurasa hazifunguki, tatizo ni DNS (huduma inayogeuza jina la tovuti kuwa anwani ya namba): iandike wewe mwenyewe kwenye mipangilio hiyohiyo ya mtandao, 1.1.1.1 au 8.8.8.8.

Na kama kila ukurasa unadai si salama, tazama saa ya laptopu. Ikirudi nyuma miaka kila ukizima, rekebisha tarehe, kisha badilisha betri ya saa kwenye bodi. Nyingi hutumia CR2032.