Mtoto wa Mbwa Mgeni Shambani: Aachwe Atulie Kabla ya Kufundishwa

Wakulima wengi huku Masindi na Kiryandongo, Uganda, huchukua mtoto wa mbwa ili aje kulinda mbuzi na mahindi, na jioni ileile ya kufika kwake humfunga kamba fupi nyuma ya ghala wakiamini kwamba upweke utamfanya awe mkali. Hilo ndilo kosa ninalokutana nalo zaidi, nalo linaniumiza, kwa sababu huzaa mbwa mwoga, na mbwa mwoga anaweza kumng'ata hata mtoto wa nyumbani aliyemkaribia ghafla.

Asitolewe kwa mama yake kabla ya kutimiza wiki 8. Mpatieni kona moja kavu yenye gunia au majani makavu ya migomba, pamoja na kitambaa alichokilalia alikotoka, maana harufu ile humtuliza anapolia usiku. Siku za mwanzo ale alichozoea, kisha abadilishiwe taratibu: posho (ugali) laini yenye mukene (dagaa) waliooshwa mchanga na kusagwa, kidogo kidogo, mara 3 au 4 kwa siku. Maziwa mengi ya ng'ombe humharisha.

Niliwahi kumwona mmoja aliyejificha chini ya ghala, mkia kaubana katikati ya miguu, ambaye hakugusa maji mpaka watoto walipokwenda shule. Mama wa nyumba ile alitandika mkeka hatua chache kutoka pale, akawa anachambua maharage bila kumwita wala kumkodolea macho. Siku ya nne mbwa akatoka mwenyewe, akanusa ungo, akalala karibu na mguu wake. Kuja kwa hiari namna hiyo ndiyo dalili ya kungojwa, na kabla yake amri yoyote ni kelele tu masikioni mwake.

Dawa ya kupe ya ng'ombe asipakwe kamwe, kwani hupenya kwenye ngozi yake, naye hujilamba akaimeza, ikamdhuru. Dawa ya minyoo apewe kila baada ya wiki 2 hadi afikishe wiki 12, kwa kuwa minyoo hiyo huwapata pia watoto wanaochezea udongo, na anapotimiza miezi 3 muoneni ofisa wa mifugo kwa chanjo ya kichaa cha mbwa.

Hata hivyo, kumtuliza si kumficha. Katika miezi yake 3 ya mwanzo ndipo anapozoea kwa urahisi vitu atakavyoishi navyo, ila asishushwe chini sokoni kabla ya kumaliza chanjo zake, kwa sababu virusi vya parvo, vinavyoua kwa kutapisha na kuharisha damu, hudumu udongoni kwa miezi mingi. Mbebeni mikononi aione bodaboda ikipita. Kuku awaone jioni wanapoingia bandani, akiwa ameshikwa kwa kamba iliyolegea, na akiwatazama bila kuwarukia apewe mukene mmoja palepale.