Boti ya likizo kwenye Canal du Midi: hesabuni ekluzi, si kilomita

Ndugu na marafiki wanaonitembelea Toulouse, kusini mwa Ufaransa, wakati wa kiangazi hufika na mpango tayari: wiki moja, kilomita zote 240 za mfereji huo, mpaka ziwa la Thau karibu na bahari. Huwa nawakatalia. Boti haziruhusiwi kuzidi kilomita 8 kwa saa, za kukodi hazitembei usiku, na njiani kuna ekluzi zaidi ya 60, vile vyumba vya maji vyenye malango mbele na nyuma, vinavyoipandisha au kuishusha boti. Adhuhuri zinafungwa kwa chakula, saa sita na nusu hadi saa saba na nusu. Julai na Agosti foleni ni ndefu, ndiyo maana mimi napenda Juni au Septemba.

Kama hamjawahi kushika usukani, anzieni Argens-Minervois kuelekea Béziers. Kipande hicho kina kama kilomita 54 bila ekluzi hata moja. Leseni haitakiwi, wenye boti huwafundisha kabla ya kuondoka. Msiridhike na somo la haraka. Ombeni mrudi kinyumenyume na kufunga gati mwalimu akiwatazama, kwa sababu boti haina breki: kusimama ni kutia gia ya nyuma mapema. Kwenye daraja la Capestang kunjeni mwavuli, watu wote wakae chini, mpite katikati kabisa, maana tao lake ni la chini pembeni. Handaki la Malpas, alilolitoboa Pierre-Paul Riquet, mjenzi wa mfereji huu, karne ya 17, linapitisha boti moja tu kwa wakati. Hakikisheni hakuna anayekuja, pigeni honi, ndipo muingie. Fungeni gati Colombiers, halafu nendeni kwa baiskeli mkatazame boti zikishuka ngazi ya ekluzi za Fonserannes.

Mtakaopita ekluzi, someni hapa polepole. Sisi watu wa pwani tumezoea maji kujaa kwa saa sita. Humo ndani yanajaa kwa dakika chache, tena kwa nguvu. Maji yakiwa ya kuwapandisha, mshusheni mtu mzima mmoja gatini kabla ya lango, mwenye viatu visivyoteleza, ili azipokee kamba kutoka juu. Ya omo (mbele) na ya tezi (nyuma), kila moja izungushwe kwenye nguzo na ncha yake irudi botini, mkononi mwa mtu. Fundo lisifungwe kamwe. Maji yanaingia kutoka mbele na kuisukuma omo huku na huku, kwa hiyo kamba ya omo ashike mwenye mikono ya nguvu, avute kila inapolegea. Kushuka kunaonekana rahisi, lakini mimi ndiko ninakokuogopa zaidi. Kamba iliyofungwa itaining'iniza boti ukutani maji yakitoka, na tezi ikikaa nyuma mno itakalia kizingiti cha lango. Songeni mbele, legezeni kamba kidogo kidogo, kisu cha kukatia kamba kiwe karibu. Dafrao, ile mito ya kuikinga boti isigonge ukuta, zining'inie pande zote mbili, na mtu asiusukume ukuta kwa mguu wala mkono; upondo, ule mti mrefu wa kusukumia boti, upo kwa kazi hiyo.

Usiku mnaweza kulala popote ukingo unaporuhusu, kwa vigingi viwili na nyundo. Msifunge kamba kwenye mti. Ile miti mikubwa ya platani inakufa kwa ugonjwa wa kuvu uliogunduliwa hapa mwaka 2006, maelfu imekatwa, na jeraha dogo la kamba kwenye gome linafungua mlango wa ugonjwa. Inaniuma kila ninapopita palipobaki visiki.

Chakula: kasule ya Castelnaudary, maharage yaliyopikwa na nyama, ina nguruwe, basi asiyekula aulize kabla ya kuagiza. Nyama ya halali nunueni mjini Béziers au Toulouse kabla ya kupanda. Vijijini si rahisi kuipata. Mkate uchukuliwe asubuhi, maduka nayo hufunga mchana. Na kila bandari yenye bomba, jazeni tangi la maji hata kama bado lina nusu.