Gandisha maharage yaliyolowekwa kabla ya kuyapika

Kwa wanaofika nyumbani jioni watoto wakiwa tayari na njaa: loweka maharage usiku kucha, asubuhi mwaga maji, suuza, gawa kwenye mifuko kwa kipimo cha mlo mmoja, weka friza yakiwa mabichi. Siku ya kupika usiyayeyushe, yatie moja kwa moja kwenye maji yanayochemka. Maji yaliyoingia ndani ya punje yakiganda hutanuka na kuipasua kwa ndani, kwa hiyo yanaiva upesi kuliko yaliyolowekwa tu, na gesi ya kupikia haiishi haraka. Nyanya, ndimu au ukwaju visubiri mpaka punje isagike ukiibonyeza kwa vidole. Uchachu ukitangulia, yatabaki magumu hata uchochee vipi. Maharage yaliyokaa ghalani muda mrefu hayasaidiki sana kwa njia hii, na kwenu umeme ukikatika ovyo, gandisha ya siku mbili tatu tu. Tafadhali, yale mekundu yachemke kwa nguvu dakika 10 au zaidi hata yakilainika mapema, maana yana sumu ya asili inayoumiza tumbo.