Kabla hujachanganya samaki kwenye akwariamu yako ya kwanza

Jamani kabla hujachagua samaki, pima maji yako kwanza. Nasema hivi kwa sababu wengi wanaenda dukani wanaona huyu anang'aa wanabeba, yule ana mkia mrefu wanabeba, na yule anayelamba kioo naye wanabeba, wote wanamwagwa tangi moja, baada ya wiki mbili mikia imeliwa na wengine hata hawaonekani. Ugomvi wote huo ungezuilika nyumbani, kwa kalamu na karatasi.

Sasa maji. Nunua vifaa vya kupimia maji, angalia pH (kipimo cha asidi, 7 ni katikati) na ugumu (wingi wa madini kwenye maji). Kama sabuni haitoi povu vizuri na birika lako linashika ukoko mweupe basi maji yako ni magumu, na hapo gapi (samaki wadogo wenye mkia wa rangi) watafurahi kwa sababu wao wanapenda pH ya 7 mpaka 8 hivi. Neoni tetra, samaki wadogo wa kundi, asili yao ni huko Amazon, maji laini yenye asidi kidogo, kwahiyo kuwalazimisha kukaa na gapi ni kumtesa mmojawapo hata kama wote ni wapole (wanaozalishwa kwenye mashamba ya samaki huwa wavumilivu zaidi, ila uvumilivu una mwisho). Na wale mbuna wa Ziwa Nyasa, wana rangi nzuri kweli kweli, lakini wanataka pH kama 7.8 mpaka 8.6 na ni wakali, hao wafugwe peke yao, na mi nashauri wasiwe samaki wako wa kwanza.

Joto nalo usilipite. Goldifishi yuko sawa kwenye nyuzi 18 mpaka 22 za Selsiasi, beta, yule mgomvi mwenye mapezi marefu, anataka 25 mpaka 28, sasa ukiwaweka pamoja unaseti hita (kifaa cha kupasha maji) kwa ajili ya nani? Na goldifishi huyo huyo anachafua maji sana, akikua anaweza kupita sentimita 20 na akikutana na samaki mdogo anammeza tu. Kwahiyo yule tunayemuona kama samaki wa kuanzia, ukweli anataka tangi kubwa na wenzake wa aina yake.

Hapo kwenye kukua ndo watu wengi wanaumia. Usisome urefu wa samaki aliyeko dukani, yule bado mtoto, ulizia akikomaa anafika wapi. Pleko wa kawaida, yule anayelamba kioo, anauzwa ana urefu wa kidole, alafu anapita sentimita 30, wakati kuna pleko mwenye ndevu usoni anaishia kama 12 tu na kazi ya kula mwani anaifanya vizuri. Oska naye anafika 30. Enjelifishi anaonekana mpole anatembea taratibu, ila akikua neoni anaingia mdomoni mwake bila shida, na kanuni ya samaki ni moja, kinachoenea mdomoni kinaliwa. Tangi lako lipime kwa sentimita, zidisha urefu, upana na kimo alafu gawanya kwa 1000 upate lita. La 60 kwa 30 kwa 30 ni lita 54, toa nafasi ya mchanga na mawe, yani sio kubwa kiasi hicho.

Tabia sasa, na hapa tulia usome kila aina. Kuna samaki wa kundi, neoni na koridorasi (samaki wadogo wanaokaa chini ya tangi) kwa mfano, hawa chukua kuanzia sita, ukichukua wawili wanaishi kwa hofu, wanajificha, rangi inapauka. Taiga babi, wale wenye milia, nao ni wa kundi ila ukiwaweka wachache ule utukutu wao wanauhamishia kwa majirani, wanang'ata mapezi, so usiwaweke na samaki yeyote mwenye mapezi marefu. Beta dume ni mmoja tu kwa tangi, wawili watapigana mpaka mmoja afe, na gapi dume mwenye mkia wa rangi anaweza kumchanganya beta akili, akadhani ni beta mwenzie. Gapi nao ukichanganya jike na dume jiandae kwa watoto karibu kila mwezi, na jike anatunza mbegu za dume ndani kwa miezi kwahiyo hata ukimtenga bado atazaa. Hutaki watoto? Chukua madume watupu.

Ushauri wangu, chagua aina moja unayoipenda kuliko zote, alafu wengine wote wachaguliwe kwa kumfuata yeye. Kwa lita 54 zenye maji laini, neoni nane wa katikati na koridorasi wadogo sita wa chini kwenye mchanga laini wanatosha kabisa, chakula cha koridorasi kiwe kile kinachozama, msiwategemeze mabaki jamani.

Filta iwake wiki 4 mpaka 6 kabla ya samaki kuingia, huku ukiweka chanzo cha amonia (sumu inayotokana na uchafu wa samaki), mpaka bakteria wazuri wanaoigeuza kuwa nitriti na kisha nitrati wajae, kipimo cha amonia na nitriti kisome 0 na nitrati ianze kuonekana. Maji ya bomba tia dawa ya kuondoa klorini. Hata hapo usilete samaki wote siku moja, lete kundi moja, subiri wiki kadhaa, pima tena ndo ulete lingine.

Siku ya kununua simama uangalie tangi lote la muuzaji, ukiona hata mmoja ana madoa meupe kama chumvi au kabana mapezi, ondoka bila kununua. Na umuulize kabisa kama anapokea samaki waliogombana, kwa sababu hata ukipanga vizuri anaweza kutokea mmoja mkorofi. Kama hapokei basi uwe na tangi dogo pembeni lenye filta na hita yake tayari kabla samaki wa kwanza hajaingia, ambalo pia utatumia kuwatenga wageni wiki 2 mpaka 4 kabla hujawachanganya na wenyeji.