Namna ya Kuandaa Warsha ya Chuo Kikuu ya Kuandika Makala za Wanawake katika Wikipedia

Donna Strickland wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, alipotangazwa tarehe 2 Oktoba 2018 kuwa mmoja wa washindi wa Tuzo ya Nobel ya Fizikia, Wikipedia ya Kiingereza haikuwa na makala juu yake. Miezi michache kabla ya hapo kulikuwa na rasimu, lakini mhakiki aliikataa kwa kuwa vyanzo vilivyoambatishwa havikuonyesha kwamba mhusika alistahili makala. Wengi walimlaumu mhakiki huyo. Mwandaaji wa warsha, hata hivyo, atafaidika zaidi akijiuliza vyanzo vingine vilikuwa wapi na kwa nini havikuingia katika rasimu, kwa maana warsha za namna hii hufaulu au hukwama maktabani, wiki kadhaa kabla washiriki hawajafungua kompyuta zao.

Anza basi na mkutubi. Mwezi mmoja kabla ya warsha, kaeni pamoja mtengeneze orodha ya majina, na kila jina liambatane na vyanzo viwili au vitatu vinavyomzungumzia mwanamke huyo kwa kina na ambavyo havikuandikwa na yeye mwenyewe, mwajiri wake wala jamaa zake. Sura ya kitabu, makala ndefu ya gazeti, taazia, kamusi ya wasifu na mapitio ya kazi zake vinafaa. Ukurasa wake katika tovuti ya idara, mitandao ya kijamii na mahojiano anayojieleza mwenyewe vinaweza kuthibitisha jambo dogo, lakini havitoshi kuibeba makala. Kwa wanataaluma, Wikipedia ya Kiingereza ina vigezo vya ziada, kwa mfano kuchaguliwa kuwa mwanachama wa akademia ya sayansi ya taifa, au tafiti zilizonukuliwa sana na wenzao. Jina lisilo na vyanzo liondolewe katika orodha ya siku hiyo, hata kama kila mtu chumbani anajua ukubwa wa kazi ya mwanamke huyo, kwa sababu ensaiklopidia hairuhusiwi kusema lile ambalo halijaandikwa mahali pengine.

Kama majina ni machache, mradi wa Women in Red, ulioanza mwaka 2015 wakati ambapo takriban asilimia 15 tu ya wasifu katika Wikipedia ya Kiingereza ulihusu wanawake, una orodha ndefu zilizopangwa kwa taaluma na kwa nchi. Jina la mradi limetokana na viungo vyekundu, yaani vile vinavyoelekea kwenye makala ambayo bado haijaandikwa. Hata hivyo, mimi hupendelea mgeni aanze kwa kukuza makala iliyopo. Makala nyingi za wanawake ni mbegu, yaani makala fupi za sentensi mbili au tatu, na kuziongezea aya nne zenye tanbihi ni kazi ambayo mara chache humletea mtu hatari ya kufutiwa jasho lake.

Suala la akaunti huonekana dogo, kumbe ndilo linaloharibu asubuhi nzima. Mfumo huruhusu akaunti mpya 6 tu kwa siku kutoka anwani moja ya mtandao, na chuo kizima mara nyingi hutumia anwani moja, kwa hiyo mshiriki wa saba atazuiwa bila kuelewa kosa lake. Waombe washiriki wafungue akaunti nyumbani wiki moja kabla, kisha wafanye masahihisho madogo kumi, kwa kuwa Wikipedia ya Kiingereza humtaka mtu awe na siku 4 na masahihisho 10 kabla ya kuanzisha makala moja kwa moja. Akaunti ni ya mtu mmoja, haiwi ya idara wala ya kikundi. Si lazima itumie jina halisi, na mshiriki anayehofia kusumbuliwa mtandaoni ashauriwe kuchagua jina la kubuni.

Siku yenyewe, hotuba ya ufunguzi isizidi dakika kumi. Kila mshiriki aongeze tanbihi moja katika makala iliyopo ndani ya nusu saa ya kwanza, kisha aandike rasimu yake katika ukurasa wa majaribio, kwa maneno yake mwenyewe, kwani aya iliyonakiliwa kutoka tovuti nyingine itafutwa kwa sababu za hakimiliki.

Uandishi wenyewe ndio unaohitaji jicho la mwezeshaji. Sentensi ya kwanza iseme mwanamke huyu anajulikana kwa kazi gani. Ndoa na watoto, kama vina nafasi, vije baadaye. Atajwe kwa jina lile ambalo mwanamume wa cheo chake angetajwa nalo, si kwa jina la kwanza pekee. Maneno kama "shupavu", "wa kupigiwa mfano" na "mwanamke wa shoka" yaondolewe yote, kwani msifiwaji hupungua pale msomaji anapohisi anatangaziwa biashara. Wanaoandika kwa Kiswahili wana jambo moja la pekee: kiambishi cha nafsi hakitofautishi jinsia, hivyo makala inaweza kusema "alivumbua" na "aliongoza" hadi mwisho, na msomaji akamdhania mwanamume. Jinsia itajwe mara moja, mapema, na makala iwekwe katika jamii (yaani kundi la makala) ya wanawake wa fani husika.

Kwa mtu aliye hai, kila dai linaloweza kumdhuru liwe na chanzo imara, la sivyo liachwe. Mwanafunzi asiandike juu ya msimamizi wake wala mama yake. Kuhusu picha, wengi hukosea kudhani kwamba aliyepigwa ndiye mwenye haki. Kwa kawaida hakimiliki ni ya mpiga picha, na ndiye anayepaswa kutoa kibali.

Baada ya wiki moja, pitia makala zote. Unganisha kila moja na makala nyingine zinazomhusu mwanamke huyo, maana makala isiyo na kiungo chochote kinachoielekea haifikiwi na wasomaji. Ikipendekezwa kufutwa, ongeza vyanzo na ueleze umuhimu wake katika mjadala, lakini usiwaite washiriki wote waje kupiga kura, kwani wahariri wazoefu huliona hilo kama njama. Yale majina yaliyokosa vyanzo yapelekwe kwa idara ya historia na kwa wanafunzi wa uandishi wa habari wanaotafuta mada za utafiti, kisha orodha ifunguliwe tena kazi zao zitakapochapishwa.